Nyati Hasomi Maandishi ya Kwenye Ganda

Ziweke mezani risasi mbili. Ya kwanza ni 9.3x62, iliyobuniwa mwaka 1905 na fundi bunduki wa Berlin aitwaye Otto Bock. Kichwa chake kina uzito wa gramu 18.5 na hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 720 hivi kwa sekunde. Ya pili ni .300 Winchester Magnum, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1963. Kichwa chake kilichozoeleka ni cha gramu 11.7, nacho huondoka kwa mita 900 kwa sekunde. Ukizipigia hesabu ya nguvu zinakaribiana mno: jouli 4,800 kwa ya Mjerumani, 4,700 na ushei kwa ya Mmarekani. Moja huitwa risasi ya kawaida, nyingine magnamu, yaani yenye ganda linalobeba baruti nyingi kuliko kawaida. Kwenye karatasi ni pacha. Kwenye bega la pofu dume, au mbele ya nyati aliyesimama hatua 40 kichakani, hazina hata udugu wa mbali.

Mjadala wa magnamu na risasi za kawaida, hapa Tanga kama kwingineko, mara nyingi huishia kwenye jina na kwenye jouli. Mwenye .300 magnamu hujiona amempita mwenye .30-06, risasi ya kawaida ya kipenyo kilekile, kwa daraja zima, na mwenye .30-06 naye huanza kuulizia bei. Naona wote wawili wanabishania jambo lisilo na kazi hapa kwetu. Kinachoangusha mnyama mkubwa ni uzito wa kichwa cha risasi, namna kilivyotengenezwa na mahali kilipoingia. Magnamu inayoongeza uzito ina kazi yake. Magnamu inayoongeza kasi peke yake, kwa mapori ya ukanda huu, ni gharama na maumivu ya bega.

Bock hakuwa akimtafutia mteja wake sifa. Aliwalenga walowezi wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika, na sehemu yao walikuwa hapa hapa kwetu: Usambara, Pangani, kandokando ya reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka uleule Richard Hindorf alipoingiza mkonge nchini. Mkulima wa namna hiyo alihitaji bunduki moja, ya bei anayoimudu, ya kumpatia kitoweo cha tohe leo na kumkabili tembo aliyeingia shambani kesho. Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili zilikuwa kazi ya mikono na bei yake ilikuwa ya matajiri. Bock akachukua Mauser 98 ya urefu wa kawaida, iliyokuwa ikitoka viwandani kwa wingi, akaichongea ganda nene kadiri bunduki hiyo ilivyoweza kulimeza bila kurefushwa. Hakuongeza mbwembwe nyingine.

Miaka saba baadaye, 1912, Holland & Holland wa London wakatoa .375 H&H Magnum. Kichwa cha gramu 19.4, kasi ya mita 770 hivi, jouli zaidi kidogo ya 5,700. Ganda lake ni refu, kwa hiyo linadai bunduki ndefu, na bunduki za urefu huo wakati ule zilikuwa chache na ghali. Ukiviweka kiganjani vichwa vya risasi hizi mbili huenda usijue kipi ni kipi: milimita 9.3 na milimita 9.5. Zote zimevuka karne moja na bado zinatengenezwa, wakati magnamu kadhaa zilizotangazwa kwa mbwembwe miaka ya karibuni zimeshaanza kuadimika madukani.

Na tukiwa bado kwenye historia, hatua kubwa kuliko zote haikuwa ile ya kutoka risasi ya kawaida kwenda magnamu. Ilikuwa kutoka baruti ya moshi kwenda baruti isiyo na moshi, mwishoni mwa karne ya 19. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Kijerumani, waliopigana na Waingereza hapa mjini Novemba 1914 walikuwa bado wamebeba Mauser za mwaka 1871: milimita 11, kichwa cha gramu 25, kasi ya mita 440 tu, na wingu la moshi likimwonyesha adui pa kulenga. Waliposhinda waliteka mamia ya bunduki za Waingereza pamoja na risasi laki sita, na zile za moshi zikaanza kuwekwa kando. Kutoka Mauser ya 1871 hadi Mauser 98 kasi iliongezeka karibu maradufu. Kutoka .30-06 hadi .300 Winchester Magnum inaongezeka kwa moja ya kumi.

Hiyo moja ya kumi tuitazame vizuri, maana ndiyo mwindaji anayouziwa. Risasi ya .30-06, ya mwaka 1906, hurusha kichwa cha gramu 11.7 (kwenye boksi utaona imeandikwa greni 180) kwa mita 820 kwa sekunde. Magnamu hurusha kichwa kilekile, cha kipenyo kilekile, kwa mita 900. Ili kuipata tofauti hiyo ya mita 80, ganda la magnamu linachoma baruti zaidi kwa robo au hata kuzidi robo. Bunduki zote mbili zikiwa zimerekebishwa kugonga katikati ya shabaha mita 200, ukisogea hadi mita 300 ile ya .30-06 itashuka sentimita 23 hivi na magnamu itashuka 18 au 19. Tofauti ni upana wa vidole viwili, kwa mnyama ambaye eneo lake la moyo na mapafu ni kubwa kama sinia.

Hapo ni mita 300. Sasa niambie, ndugu msomaji, ni wapi kati ya Pangani na mto Wami utampiga mnyama kwa mita 300?

Saadani tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa na hakuna kuwinda, lakini aliyewahi kupita njia ya Mkwaja anazijua nyasi zile, mikoche ile, na jinsi kuro anavyoweza kuwa mita 30 kutoka barabarani na bado ukaona pembe peke yake. Mapori ya Handeni na Kilindi yana miombo yenye uwazi kiasi, lakini hata huko mnyama anayeonekana vizuri mita 150 ni bahati. Ukanda wa pwani ni wa vichaka vilivyofungamana na mabonde ya mito yenye matete. Nyati unamkaribia mpaka unasikia anavyocheua. Kwa umbali huo risasi zote, hata ile ya askari ya 1871, huenda zimenyooka. Mnunuzi wa .300 magnamu wa Tanga amenunua manufaa yanayoanzia pale anapoishia yeye kuona.

Tena kasi ina ubaya wake kwa karibu. Kichwa cha risasi chenye gamba jembamba la shaba na madini laini ya risasi ndani kimekusudiwa kufunguka kinapoingia mwilini. Kikifika kwa mita 700 kwa sekunde kinafunguka inavyotakiwa. Kikifika kwa mita 880, kwa sababu mnyama yuko hatua 30 na hewa haijapata nafasi ya kukipunguza, kinaweza kupasuka kama papai bivu lililotupwa ukutani: kidonda kipana juu ya bega, mnyama anakimbia, moyo haujaguswa. Mtu anasema, "Nilimpiga barabara, na magnamu!" Kweli alimpiga. Kichwa cha risasi hakikuwahi kufika kilikotumwa.

Mfano maarufu wa jambo hili hautoki Afrika. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa Kanada akiwinda dume la musi, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mzito kama ng'ombe mkubwa, na mwili wa mnyama yule ulikuwa umegandamana tope. Mkononi alikuwa na .300 H&H Magnum, risasi iliyokuwa na sifa kubwa wakati ule. Vichwa vilipasuka juujuu bila kuzama. Angeweza kurudi nyumbani akanunua bunduki kubwa zaidi, kama wengi wetu tunavyofanya. Yeye alikwenda karakanani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele ifunguke na nusu ya nyuma iendelee kusukuma. Mwaka 1948 akaanza kuviuza. Leo ukivitia vichwa hivyo kwenye .30-06 ya babu yako una silaha bora kwa pofu kuliko magnamu yenye vichwa vya bei poa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Barnes ikaleta vichwa vya shaba tupu, na wengine wakafuata kwa kugandisha madini ya risasi ya ndani na gamba lake visiachane. Nikubali basi: mwenye vichwa vya namna hiyo ana sababu ndogo ya kuiogopa kasi. Shida ni upatikanaji. Mwindaji mgeni huja na maboksi yake kutoka kwao. Mwenyeji anachukua kinachopatikana dukani, na kinachopatikana mara nyingi ni ncha laini ya kawaida. Kwa vichwa vya namna hiyo, kasi ya wastani ni rafiki yako.

Wapo wanaolivuta jambo hili hadi upande wa pili kabisa, na hao nao wana mtume wao: W. D. M. Bell, Mskoti aliyeitwa "Karamojo", aliyeua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa risasi ndogo ya 7x57 Mauser. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini Bell alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, vyembamba na virefu, ambavyo hupenya mfupa vikiwa vizima. Alipasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo unakaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Alikuwa na shabaha ambayo watu wa enzi zake waliistaajabia, na aliwapata tembo ambao bado hawakuwa wamefundishwa na bunduki kumwogopa mtu. Anayemtaja Bell ili ahalalishe kumwendea nyati na risasi ndogo ajiulize amepasua mafuvu mangapi.

Kwa nyati, sheria yetu imekwisha kuamua. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake za uwindaji, .375 ndiyo kiwango cha chini kwa wanyama hatari kama nyati, tembo, simba na kiboko. Kanuni inapima kipenyo: inchi .375, yaani milimita 9.5. Namibia wao hupima nguvu: jouli 1,350 kwa swala wadogo, 2,700 kwa wanyama kama tandala, 5,400 kwa nyati na tembo. Kila njia ina tundu lake. Njia ya Namibia ingeweza kuipitisha risasi nyembamba yenye kasi ya kupindukia. Njia yetu inaikataa 9.3x62 ya Otto Bock kwa sehemu mbili za kumi za milimita, ingawa risasi hiyo imeua nyati katika nchi hii tangu kabla ya babu zetu kuzaliwa. Nikilazimishwa kuchagua, nachukua njia yetu. Askari wa wanyamapori anaweza kusoma kaliba, yaani kipenyo hicho, kwenye mtutu. Jouli hawezi kuzipima porini.

Ndiyo maana .375 H&H nasema inastahili heshima yake, na heshima hiyo haitokani na neno Magnum lililogongwa kwenye kitako cha ganda. Ni kichwa cha gramu 19.4 kinachokwenda kwa kasi ya wastani. .416 Rigby ya mwaka 1911 haina neno hilo popote, na inaizidi kwa zaidi ya jouli elfu moja. 7mm Remington Magnum ya mwaka 1962 inalo, na kichwa chake ni cha gramu 10 hivi. Usithubutu kumwendea nyati nayo. Jina linakuambia tu kwamba ganda hili linabeba baruti nyingi kuliko la mwenzake wa kipenyo hicho. Hata ule mkanda unaozunguka kitako cha ganda, ambao wengi wanaudhani ni alama ya nguvu, kwenye .375 uliwekwa kwa sababu ganda limechongoka na bega lake, pale linapopungua kukishika kichwa, ni la kuteleza, hivyo lilihitaji kitu cha kulizuia lisizame mno ndani ya chemba, tundu la nyuma ya mtutu linamokaa ganda. Magnamu nyingi za baadaye zina mabega yanayotosha kabisa, na mkanda zimeurithi tu.

Nyati dume ana kilo 600 hadi 800. Mbavu zake ni pana, na moyo umekaa chini, katikati ya miguu ya mbele, chini kuliko anavyodhani mtu aliyejifunza kulenga kwa picha za kulungu wa Ulaya au Marekani. Wageni wengi humpiga nyuma ya bega, kama walivyozoea kwao, na risasi inaishia nyuma ya mapafu au tumboni. Wawindaji bingwa wanalijua hili na hulirudia kwa mgeni hadi wanachoka: fuata mguu wa mbele, panda hadi theluthi ya kwanza ya mwili, hapo. Kichwa kizito kinachopenya bega na kuingia moyoni kinasamehe kosa dogo la pembe. Kichwa chepesi hakisamehi. Na nyati aliyejeruhiwa akiingia kwenye matete, mwenye leseni analazimika kumfuata na kummaliza, na hata asipopatikana ada yake kwa kawaida inahesabiwa kama ya aliyeuawa. Wanaotangulia kwenye matete ni wafuata nyayo, vijana wa kijijini, mara nyingi na fimbo tu mkononi.

Juu ya .375 kuna ulimwengu mwingine, na huko nako jina limewahi kumponza mtu. Winchester walipotoa .458 Winchester Magnum mwaka 1956 walitaka nguvu za bunduki za tembo za Kiingereza ndani ya bunduki ya urefu wa kawaida na ya bei nafuu. Wazo zuri. Lakini ganda lilikuwa fupi, baruti ikashindiliwa humo hadi ikabanana, na risasi nyingine zilipokaa muda mrefu kwenye joto baruti iliganda na kasi ikashuka sana kuliko iliyotangazwa. Mmarekani Jack Lott alikanyagwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458, na baadaye akabuni yake, .458 Lott, yenye ganda refu zaidi. Risasi za .458 za siku hizi zimerekebishwa, lakini kisa hicho ni chema kwa sisi tunaoishi kwenye joto. Rigby kwenye .416 yao walifanya kinyume: ganda kubwa, baruti yenye nafasi, shinikizo la chini. Hawakuwa wakipoteza nafasi. Walijua kwamba risasi iliyoachwa juani hupandisha shinikizo, na ganda lililonasa ndani ya chemba, mbele ya nyati anayekuja, halitolewi kwa dua.

Kwa hiyo risasi zako zisikae kwenye dashibodi ya gari Korogwe saa nane mchana. Na kwa wa mjini hapa, kuna chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma hata ndani ya kabati, na mtutu wenye kutu hautalenga sawa hata ukiwa wa magnamu ya milioni ngapi. Kitambaa chenye mafuta, kila wiki. Tuendelee.

Jambo lenyewe ambalo wauzaji hawalitaji sana ni teke. Bunduki ya .30-06 ya kilo tatu na nusu hivi hupiga teke ambalo mtu mzima mwenye mazoezi analizoea kwa asubuhi moja. Ya .300 magnamu huongeza theluthi yake au zaidi. Ya .375 ni karibu maradufu, na .458 ni kama mara tatu. Mwili hauna mjadala na hesabu hiyo. Baada ya milio michache bega hujifunza, na kuanzia hapo mtu huanza kufumba macho na kuikwapua triga badala ya kuiminya. Risasi inakwenda chini au kando. Ukitaka kumgundua, mpe bunduki yake ikiwa na ganda tupu bila yeye kujua, umwangalie akivuta: mtutu unatikisika ingawa hakuna kilicholia. Nimewaona watu wazito kwa mwili na kwa maneno mtutu ukiwatikisika hivyo.

Na ubaya wa teke unakutana na ubaya wa bei. Risasi za magnamu ni ghali, na kubwa kuliko zote ni ghali kuliko zote. Umiliki wa silaha na risasi uko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Polisi hawampi mtu risasi kama karanga. Huwezi pia kwenda tu kwenye shamba la mkonge lililoachwa ukaanza kufyatua. Kwa hiyo mwenye magnamu, ambaye ndiye anayehitaji mazoezi zaidi, ndiye anayefanya mazoezi machache zaidi. Anaipiga mara chache kuirekebisha darubini, anaifunga kwenye mfuko, inangoja msimu. Mwenye .30-06 kwa fedha zilezile anapiga mara nyingi zaidi, bila kuumia, akiwa amesimama, amepiga goti, ameegemea fimbo tatu za kuegeshea bunduki. Siku ya siku, yeye ndiye ninayetaka awe mbele yangu kichakani.

Kuna wanaoepuka teke kwa kufunga kwenye mdomo wa mtutu kile kifaa chenye matundu kinachopeleka hewa pembeni. Bega linapona kweli. Lakini kelele yote ile inakwenda kwa aliyesimama kando, naye ni mfuata nyayo anayeshika fimbo au mwindaji bingwa anayenong'ona umbali. Masikio hayana spea. Wawindaji bingwa wengi hukikataza kambini kwao, na wana haki. Kwangu mimi, bunduki usiyoweza kuipiga bila kumtia uziwi mwenzako imekushinda.

Nisionekane nina ugomvi na magnamu za kasi popote zilipo. Ukienda mbuga za wazi za Longido au Simanjiro, swala granti na choroa wanaweza kukusimamia mita 250 kwenye upepo mkali bila hata mti wa kujificha, na hapo kichwa chenye kasi hakisukumwi sana na upepo na makadirio mabaya ya umbali yanakuwa na madhara madogo. Anayewinda huko kila mwaka, na anayeweza kulihimili teke lake, .300 Winchester Magnum ni chombo chake. Sina neno. Ninalokataa ni kukileta chombo hicho Handeni na kukiita bora kwa sababu kinalia kwa nguvu.

Watumishi wa wanyamapori wanaoitwa usiku kwa sababu tembo wameingia kwenye mahindi wako nje ya mjadala huu. Kwao kaliba kubwa na vichwa vigumu ni zana ya kazi, na umbali wao ni wa tochi.

Kwa mwindaji wa kawaida mwenye leseni, hapa Tanga au kule Bagamoyo, hesabu yangu inatoka hivi. Kama una kibali cha bunduki moja tu, na unajua siku moja utataka nyati, chukua .375 H&H na uache kuangalia kwingine. Kwa masafa ya hadi mita 200 njia yake ya hewani inakaribiana na ya .30-06, kwa hiyo tohe na kongoni nao wamo. Vichwa laini kwa swala na kwa risasi ya kwanza ya nyati, vichwa vigumu kwa nyati anayekimbia kukupa mgongo. Ganda lake lililochongoka linaingia na kutoka kwenye chemba kwa urahisi kuliko karibu lolote lingine, jambo ambalo utalithamini siku ya jasho. Nunua bunduki nzito kidogo, zaidi ya kilo nne. Unaibeba kutwa na utalalamika, lakini uzito huo ndio unaokula sehemu ya teke.

Kama nyati hayumo kwenye mipango yako, .30-06 inatosha kwa kila mnyama asiye hatari ambaye leseni itamtaja, pofu akiwamo, mradi upate vichwa vizuri vya gramu 11.7 au vizito zaidi na umngoje asimame ubavu. Ukibahatika kurithi 9.3x62 kwenye nyumba fulani ya zamani ya mashamba ya Muheza au Lushoto, na karatasi zake zikiwa safi, usiiuze ili uongezee fedha za magnamu. Mpe fundi aikague mtutu, halafu itumie.

Fedha zinazobaki zitumie kwa vitu vitatu: darubini imara isiyohama inapopigwa teke, vichwa bora vya risasi, na risasi za mazoezi. Na muuzaji akikuambia .338 Winchester Magnum ndiyo suluhu ya katikati, yenye kasi ya huku na uzito wa kule, usibishane naye. Muulize tu kama kwa kanuni zetu inaruhusiwa kwa nyati au hairuhusiwi, na boksi la pili la risasi zake utalipata duka gani.